Pikapu ya salfa inayotetema: oili ya giaboksi ya otomatiki ibadilishwe lini, na vipi

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya milango minne, injini ya dizeli ya 1KD ya lita 3, giaboksi ya otomatiki ya gia 5 aina ya A750F, ile isiyo na kijiti cha kupimia oili. Dashibodi ilionyesha kilometa 180,000 na ushee. Mwenye gari ni mfanyabiashara wa pembejeo hapa Mtwara mjini. Kuanzia Mei anapeleka salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, Tandahimba na Newala, na korosho zikianza kuanguka Oktoba gari hilohilo linashinda kwenye njia za vijijini kati ya mashamba na maghala. Alilinunua mkononi mwa mtu. Halikuja na daftari la sevisi, wala muuzaji hakujua kama giaboksi imewahi kufunguliwa.

Malalamiko yalikuwa matatu. Asubuhi, akitoa P kwenda D, gari linakaa kama sekunde mbili ndipo linashika. Likiwa kwenye lami, kati ya kilometa 60 na 80 kwa saa, mguu ukiwa umegusa mafuta kidogo tu, gari zima linatetema kama linapita kwenye rasta; akikanyaga zaidi, mtetemo unaisha. La tatu ndilo lililomleta gereji: akipanda kwenda Newala kutokea upande wa Masasi, raundi zinapanda lakini mwendo hauongezeki. Kwa maneno yake, "inalia tu, haiendi."

Kabla ya kufika kwetu alishapita kwa mafundi wawili. Wa kwanza alimwambia oili ya otomatiki haiguswi, ni ya maisha, na anayeigusa anaiua giaboksi. Wa pili alimwambia ioshwe yote kwa mashine siku hiyohiyo, iingie mpya tupu. Mzee alikuja akiwa na hofu ya wote wawili. "Fundi, mie sitaki kuzika gari msimu haujaanza," ndivyo alivyosema, na hofu yake ilikuwa na msingi: giaboksi ya kufumuliwa na kuundwa upya ingekula faida ya msimu mzima.

Tuanze na dalili, maana hapo ndipo wengi wanaruka. Kuchelewa kushika asubuhi maana yake presha ya oili inachukua muda kufika kwenye klachi. Inaweza kuwa oili imepungua, imechoka, au sili za ndani zimekauka. Mtetemo wa mwendo wa kati una anwani iliyo wazi zaidi. Ndani ya toki konvata, ile ngoma inayounganisha injini na giaboksi kwa njia ya oili, kuna klachi ndogo ambayo gari likishapata mwendo inafunga ili injini na giaboksi zizunguke pamoja bila kutelezana. Klachi hiyo inashika kwa msaada wa dawa maalumu zilizomo kwenye oili, zinazoifanya ishike taratibu bila kukwaruza. Dawa hizo zikiisha, klachi inashika, inaachia, inashika, inaachia, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ndiyo rasta aliyokuwa akiisikia. Akikanyaga zaidi, kompyuta inaiachia klachi hiyo kabisa, na mtetemo unapotea.

Dalili ya tatu ndiyo ya kuogopa. Raundi kupanda bila mwendo kunaweza kumaanisha pleti za klachi kubwa zimekwisha, na hapo hakuna oili ya kuokoa. Lakini dalili hiyohiyo inaletwa na upungufu wa oili: gari likielekea mlimani, oili inakimbilia nyuma ya sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, pampu inavuta hewa, presha inashuka, klachi zinateleza. Magonjwa mawili, homa moja. Kwa hiyo jambo la kwanza tulilofanya halikuwa kumwaga. Tulipima kilichokuwamo.

Kupima giaboksi isiyo na kijiti kuna kanuni yake, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu ndipo magari mengi ya aina hii yanapoharibiwa. Chini ya sampu kuna nati mbili. Moja ni ya kumwagia. Ya pili ni ndogo, inafunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 5, na ndani yake kuna kibomba kilichosimama: oili ikizidi urefu wa kibomba inatoka, ikipungua haitoki. Basi, kipimo ni hicho tu. Shida ni kwamba oili inavimba ikipata joto, kwa hiyo kipimo kina maana kwenye joto moja tu. Kwa giaboksi hii Toyota wanataka oili iwe kati ya nyuzi 36 na 46 za Selsiasi, injini ikiwa inaunguruma bila kukanyagwa mafuta na gari likiwa limelala sawa, mbele na nyuma. Ukipima ikiwa ya moto zaidi, oili iliyovimba itamwagika nyingi. Unafunga nati ukijua umejaza kumbe umeacha pungufu. Ukipima ya baridi, utazidisha, na ikija kuchemka barabarani inapigwa na vyuma vinavyozunguka hadi inatoa povu, na povu halibebi presha.

Sasa fikiria hali ya hewa yetu. Gari likitoka safari linakuwa na oili ya nyuzi 80 na kuendelea. Ukiliegesha juani saa saba mchana Mtwara, mpaka jioni bado halijarudi kwenye 46. Nafasi nzuri ni alfajiri, gari limelala usiku kucha: oili inaanzia kwenye nyuzi ishirini na kitu, unawasha, unapitisha gia P, R, N, D taratibu huku mguu uko breki, na baada ya dakika chache unaiona inaingia 36. Joto tunalisoma kwa skana ndogo inayochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani na kuonyesha kwenye simu. Asiye na skana anaweza kutumia njia ya kitabu cha Toyota: kuunganisha kwa waya tundu namba 4 na 13 za soketi hiyohiyo, kuhamisha gia kati ya N na D mpaka taa ya D iwake sekunde mbili, kisha taa inakuwa kipimajoto. Ikiwa imezima, oili bado baridi, ikiwaka moja kwa moja, joto ni sahihi, ikimetameta, imepita. Hesabu matundu vizuri kabla ya kugusa.

Kwenye nyuzi 40 tulifungua ile nati ndogo. Halikutoka hata tone. Tuliongeza oili kupitia tundu la pembeni mpaka ikaanza kuchuruzika, na kilichoingia kilikuwa karibu lita moja na robo. Giaboksi nzima inachukua kama lita 10. Tulipofuatilia ilikokwendea tulikuta mpira mmoja wa oili unaoelekea kwenye rejeta umelowa, klipu yake imelegea na kushika vumbi jekundu lililoganda kama tope. Tukabadili klipu na kipande cha mpira, kisha tukamrudishia mzee gari likiwa na oili ileile chakavu iliyoongezwa tu, abebe mzigo nusu.

Hatua hiyo inaonekana ya kupoteza muda, na mzee mwenyewe alinung'unika. Ndiyo iliyotupa jibu. Aliporudi, ile ya mlimani ilikuwa imekwisha karibu yote, ya asubuhi imepungua, mtetemo uko palepale. Kumbe tulikuwa na matatizo mawili yaliyopandana: upungufu, ambao ulikuwa unafanana na kifo cha klachi, na uchakavu, ambao ulikuwa unailetea rasta. Kama tungemwaga na kujaza siku ya kwanza, gari lingepona nusu na hakuna ambaye angejua limepona kwa lipi. Mbaya zaidi, mpira ungeendelea kuvuja oili mpya ya bei mbaya.

Ndipo tukaitazama oili yenyewe. Rangi peke yake si shahidi mzuri. Oili ya WS, aina ambayo Toyota wanaitaka kwenye giaboksi hii, inakuwa nyeusi mapema hata ikiwa na afya. Tunaamini zaidi pua na vidole. Hii ilinuka kama ugali ulioungulia chini ya sufuria, na ukiisugua kati ya vidole haina ule utelezi wa oili mpya. Tone lake kwenye karatasi nyeupe lilibaki na duara jeusi katikati na halikusambaa vizuri. Haikuwa na rangi ya maziwa ya waridi, na hilo lilitupa ahueni: rangi hiyo ingemaanisha maji ya rejeta yameingia kwenye oili, na maji yakishalowanisha gundi ya pleti za klachi, kubadili oili ni kupoteza hela.

Kilichoichosha ni joto. Kanuni ya jumla ya kemia ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya oili kuharibika huongezeka karibu mara mbili. Hatukutaka kukisia, tukampa dereva skana aende nayo Newala akiwa amepakia. Kwenye kupanda alisoma nyuzi 124. Mfuko wa salfa ni kilo 25. Alikuwa anapakia 60, yaani tani moja na nusu, kwenye pikapu iliyoundwa kubeba kama tani moja, na juu ya mzigo wamekaa vijana wawili wa kushusha. Ardhi ya Uwanda wa Makonde ni mchanga. Ukitoka kwenye barabara kuu kuingia kijijini, matairi yanazama na gari linatambaa. Kwenye mwendo huo klachi ya toki konvata haifungi kabisa. Injini inazungusha oili, oili inasukuma giaboksi, na nguvu yote inayopotea katikati inageuka joto ndani ya oili hiyohiyo.

Joto hilo lilitakiwa kutolewa na rejeta. Tulipomulika tochi kati ya mapezi yake hatukuona mwanga upande wa pili. Vumbi, majani, na unga wa salfa wa njano uliopeperuka wakati wa kupakia na kushusha vilikuwa vimeshikana kama plasta. Tuliyaosha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje; presha kubwa inalaza mapezi. Safari iliyofuata, mlima uleule, mzigo unaokaribia ule, skana ilifika 109. Oili ilikuwa bado haijabadilishwa. Wenye pikapu za salfa ningewaambia hili kabla ya kuwauzia chupa moja ya oili: mulika tochi kwenye rejeta yako.

Sasa ile imani ya fundi wa kwanza. Siidharau, maana ina chimbuko. Mtu anatembea kilometa laki mbili bila kufungua giaboksi. Siku inapoanza kuteleza ndipo anakumbuka oili. Anabadili, wiki inayofuata gari halitembei, na lawama inaangukia chupa mpya. Pleti zilishakwisha kitambo. Wengine wanasema unga wa oili chafu ndio uliokuwa unazisaidia kushika. Hata iwe kweli, giaboksi inayoshika kwa unga wa pleti zake yenyewe imeshakata roho, imebaki kutangaziwa msiba. Na neno "ya maisha" ulizeni maisha ya nani. Toyota haohao, kwenye ratiba zao za Marekani za pikapu zinazovuta au kubeba mizigo mizito, wanataka oili hii ibadilishwe kila maili 60,000, karibu kilometa 96,000. Barabara zao si za mchanga wa Tandahimba.

Fundi wa pili hakukosea sana, ila hatukumfuata. Kuosha kwa mashine kunahitaji oili zaidi ya lita 12, na penye haraka ya namna hiyo kinachowekwa mara nyingi ni ile nyekundu ya pipa inayosemwa inafaa magari yote. Giaboksi hii inataka WS, ambayo ni nyepesi kuliko oili za otomatiki za zamani ziitwazo Dexron, na kompyuta yake imepangiwa wepesi huo. Ukiweka nzito, gia zinachelewa na mtetemo unaweza kurudi na oili yako mpya. Ila sababu yangu kubwa ni nyingine: giaboksi isiyo na historia nataka inieleze habari zake kidogo kidogo. Kila umwagaji ni kipimo. Mwago wa pili ukitoka mweusi na wenye unga kama wa kwanza, najua klachi zinaendelea kuliwa na namwambia mwenye gari aache kununua oili, aweke akiba ya kufumua.

Hesabu yake ni nyepesi. Nati ya chini inatoa kama lita 3 kati ya 10. Mwago wa kwanza unakuachia mpya asilimia 30. Wa pili unafika 51. Wa tatu, karibu 66. Haifiki mia, na haina haja ya kufika. Dawa za oili mpya zinatosha kurudisha klachi kwenye kazi.

Kazi yenyewe. Kabla ya kumwaga chochote tulifungua nati ya kujazia iliyoko ubavuni, kubwa ya 24, imegongwa herufi WS kichwani. Usimwage kabla hujaona hiyo imefunguka, maana ikigoma, gari limebaki juu ya stendi halina oili na huna pa kuijazia. Tukamwaga kwenye ndoo yenye alama za lita, ili tujue kilichotoka. Mara ya kwanza tulishusha na sampu. Sumaku zilizomo zilikuwa na uji laini wa kijivu, ambao ni wa kawaida kwa umri ule. Tulichokuwa tunaogopa ni vipande vinavyong'aa au nyuzi za chuma, na havikuwapo. Hapo ndipo mzee alipoachia pumzi, "Alhamdulillahi," akaagiza chai ya watu wote. Filta mpya, gasketi mpya, sampu ikafutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Boliti za sampu ni ndogo na nyepesi. Zinakazwa kwa kukatiza, kwa nguvu ya kifundo cha mkono. Vijana wanapenda kuning'inia kwenye spana, na sampu iliyopinda haizibiki kwa silikoni ya aina yoyote. Nati ya kumwagia na ile ndogo zinakazwa kwa Nm 20, ya kujazia 39.

Kujaza ni kwa pampu ya mkono, mpaka ichuruzike, kisha kupima kwenye joto kama nilivyoeleza. Mkondo mwembamba ukigeuka matone, unafunga. Mwago wa pili na wa tatu ulifanyika bila kushusha sampu, kila mmoja baada ya gari kufanya kazi wiki moja hivi.

Baada ya mwago wa kwanza mtetemo ulipungua lakini ukawa unatokea gari likishachemka. Baada ya wa pili ulitoweka. Oili ya mwago wa tatu ilitoka ya kahawia isiyo na harufu, inapitisha mwanga. Kushika asubuhi sasa ni karibu papo hapo. Kimebaki kitu kimoja: gari likiwa la moto, kutoka gia ya 2 kwenda ya 3 kuna mshtuko mdogo, unausikia ukiwa umekaa mbele tu. Kwa maoni yangu huo uko kwenye valvu na solenoidi, vile vifaa vya umeme vinavyoelekeza oili, umetokana na miaka, na oili haitauondoa. Tulimshauri asiuguse mpaka ukue.

Dereva naye alipewa yake. Mchangani aingize 4L kabla hajakwama, maana gia nzito ya chini inapunguza kazi ya toki konvata. Apunguze upepo wa matairi na kuujaza akirudi lami. Asirushe D na R wakati magurudumu bado yanazunguka. Mlimani ashike gia ya 3 au ya 2 kwa mkono, asiiache giaboksi ihangaike kupanda na kushuka. Akifika juu na mzigo, asizime injini palepale; aiache iungurume dakika mbili tatu oili ipite kwenye rejeta.

Mzee alitaka namba ya kuandika kwenye kioo. Nilimpa kilometa 40,000 kwa kazi yake hii, mwago mmoja na kupima, na sampu kushushwa kila mwago wa pili. Pikapu ya ofisini inayozunguka Shangani na Mikindani na kwenda Lindi mara mojamoja kwa lami ningeipa 60,000 hadi 80,000. Rejeta ya ziada ya oili, ile ndogo inayofungwa mbele, tumekubaliana na mzee ifungwe kwenye gari lake malipo ya korosho yakitoka. Kwa mizigo anayobeba, 109 bado ni juu kuliko ninavyopenda. Mifuko imeshuka kutoka 60 hadi 45, ingawa vijana wawili bado wanapanda juu yake.